Kitabu cha Hadithi Kando ya Kitanda cha Mzazi



Katika huduma ya kuwatembelea wagonjwa majumbani, hapa Kongwa na katika vijiji vyake, tumeulizwa zaidi ya mara moja swali ambalo mwulizaji hulitoa kwa sauti ya chini, kana kwamba anaungama. Baba au mama amelala kitandani, na madaktari wamekwisha kusema kwamba tiba ya kumponya haipo tena, kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Mtoto aliyerudi kutoka Dodoma au Morogoro kuja kumuuguza ndiye anayekesha naye. Rozari imesalika, ndugu wamelala, usiku bado mrefu. Anachukua kitabu cha hadithi, anasoma, na kwa muda wa nusu saa moyo wake unapata nafuu. Kulipokucha anaona haya. Anajiuliza iwapo amemkosea mzazi wake, au amemkosea Mungu, kwa kuonja furaha mahali ambapo ilimpasa kuwa na huzuni tu. Na kama shangazi alimkuta na kitabu mkononi, basi neno amekwisha kuambiwa.

Jibu letu ni kwamba hajakosa. Lakini mtu mwenye mashaka ya namna hiyo hatulizwi na neno moja, kwa maana mashaka yake yana mizizi miwili, na yote miwili inastahili heshima.

Mzizi wa kwanza ni desturi. Nyumba ya mgonjwa mahututi, kwetu Ugogo kama kwingineko, ni nyumba ya utulivu. Watu huingia wakiwa wameinamisha vichwa, na kicheko hukoma mlangoni. Desturi hiyo ni njema, nasi hatuji kuiondoa. Mzizi wa pili ni wa dini zaidi: hadithi ya kubuni haikutokea, na Mkristo aliye mbele ya kifo ana Maandiko Matakatifu yaliyo ya kweli. Kwa nini basi aache Zaburi na kushika riwaya?

Mashaka haya ya pili yana mtetezi mkubwa, Mtakatifu Augustino. Katika kitabu cha kwanza cha Maungamo yake anajilaumu kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia wa katika utenzi wa Virgili aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, huku macho yake yakiwa makavu kwa ajili ya roho yake mwenyewe iliyokuwa inakufa mbali na Mungu. Lawama hiyo ni nzito, na kila mpenda riwaya angefanya vema kuisikiliza. Kuna machozi ya vitabuni yanayomzuia mtu asitazame maisha yake.

Hata hivyo Augustino huyo huyo, katika kitabu cha tisa, anasimulia kifo cha mama yake, Mtakatifu Monika, kilichotokea Ostia karibu na Roma mwaka 387. Monika alikuwa katika mwaka wa 56 wa umri wake, naye Augustino katika mwaka wa 33 wa umri wake. Alimfumba mama yake macho, na hakulia. Alijizuia mbele za watu akiona kwamba kilio hakifai katika mauti ya mama mtakatifu kama yule. Akaenda kuoga, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba maji huondoa uchungu, hayakumsaidia kitu. Akalala. Alipoamka, akiwa peke yake kitandani, zikamjia akilini beti za utenzi wa Mtakatifu Ambrosi juu ya usiku na usingizi ambao Mungu amewapa waliochoka, na baada ya beti hizo ndipo machozi yakapata njia. Tunaomba msomaji aone mpangilio wa mambo. Hoja zake mwenyewe za imani, zilizokuwa za kweli kabisa, zilikuwa zimemkausha. Maneno yaliyotungwa kwa uzuri na mtu mwingine ndiyo yaliyomfungua hata akaweza kumlilia mama yake mbele ya Mungu.

Ni kweli kwamba utenzi wa Ambrosi ni sala, na riwaya si sala. Hatutaki kuchanganya mambo. Lakini kazi iliyofanywa na beti zile katika moyo wa Augustino, yaani kulainisha kilichokuwa kimeganda, hufanywa pia na hadithi nzuri, na Mama Kanisa hajaidharau kazi hiyo. Tarehe 17 Julai 2024 Papa Francisko alitia sahihi barua kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Alikuwa amekusudia kuwaandikia wale wanaojiandaa kwa upadre, kisha akapanua na kuwaelekea wahudumu wote wa kichungaji na Wakristo wote. Alijua alichokisema, kwa sababu katika miaka ya 1964 na 1965, kabla ya upadrisho wake, alifundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti mjini Santa Fe, Argentina. Katika barua hiyo anakiri jambo ambalo mapadre wengi tunalijua lakini hatulisemi mimbarini: zipo nyakati za uchovu, hasira na kushindwa ambazo hata sala yenyewe haimpi mtu utulivu, na katika nyakati hizo kitabu kizuri kinaweza kumsaidia kuvuka dhoruba mpaka amani irudi. Tunaona faraja kubwa kwamba maneno hayo yalitoka kwa Baba Mtakatifu, aliyefariki Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025.

Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa hadithi. Baba wa mwana mpotevu katika Luka 15 hana jina wala kijiji, wala hakuna anayeuliza alizikwa wapi. Na bado watu wasiohesabika wamekufa wakimtumainia Mungu kwa sababu ya baba huyo. Nathani naye alipotaka kumwamsha Daudi, katika 2 Samweli 12, alimsimulia habari ya maskini na mwanakondoo wake.

Lakini tusikae sana kwenye hoja. Tungependa kusema juu ya kitabu kimoja, kwa kuwa faraja haiji kutoka katika fasihi kwa ujumla. Huja kutoka katika kitabu hiki au kile.

Kitabu chenyewe ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, kilichoandikwa na Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Baba yake alifariki kwa ugonjwa wa ndui yeye akiwa bado mtoto mdogo, naye akalelewa pamoja na mama yake katika ua wa mtemi Mukaka. Alisomeshwa na Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, akafika mpaka seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akajifunza Kilatini na lugha nyinginezo. Hakuwa padre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura, akaishi maisha ya mlei Mkatoliki, akitumika pia katika kazi za ukatekista na kutafsiri maandishi ya dini kwa Kikerewe. Mungu hakuwaachia mtoto hata mmoja wa kuwazika. Ndugu wa nyakati zile, kama wa nyakati zetu, walikuwa na dawa moja kwa ndoa ya namna hiyo, nayo ni mke mwingine. Kitereza alibaki na Anna.

Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe. Mchapishaji hakupatikana, kwa kuwa lugha ya kisiwa kimoja ina wasomaji wachache. Muswada ukakaa miaka na miaka. Katika uzee wake, vidole vikiwa vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, aliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980: kitabu kinene, zaidi ya kurasa 600. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika mkononi kitabu kilichochapwa. Baadaye kikatafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Tafsiri ya Kiingereza ilifanywa na Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, ikatoka mwaka 2002.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Maneno ya ndugu wa mume yanawafikia wazazi wa mke, nao wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anabaki katika nyumba baridi. Anakwenda ukweni kuomba, anavumilia maneno, anatozwa mitungi ya pombe ya ndizi kama malipo ya kurudishiwa mke wake, na kurasa nyingi zinaeleza jinsi alivyohangaika kuitengeneza. Mke anarudi. Wanakwenda kwa mganga aitwaye Kibuguma, na hatimaye wanapata mwana, Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali. Msomaji wa leo aliyezoea hadithi za kasi atachoka hapa na pale, hatumfichi. Watu wa Kitereza wanasalimiana kwa kirefu, wanalima, wanavua, wanapika, wanakaribishana chakula, na mwandishi haruki hata kimoja. Sisi tuliozoea kusimama njiani na kusema mbukwenyi, kisha kuulizana habari za watu, za mifugo na za mvua kabla ya kufikia neno lililotuleta, tunapaswa kuwa wavumilivu naye kuliko watu wengine.

Na upole huo wa mwendo, kwa maoni yetu, ndio unaokifanya kifae kando ya kitanda cha mgonjwa. Anayemuuguza mzazi anaishi katika muda wa ajabu. Siku imegawanywa na dawa ya maumivu, uji, kugeuzwa ubavu, na kubadilisha shuka. Kati ya kimoja na kingine hakuna kitu ila kusubiri jambo asilotaka lije. Hadithi yenye kasi inamtoa mtu nje ya chumba. Hadithi ya Kitereza inambakiza chumbani, lakini inamwonyesha kwamba mambo madogo anayoyafanya, kuteka maji, kuchochea moto, kumngoja mtu mwingine ale kwanza, ndiyo hasa maisha ambayo wanadamu hupendana kwayo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2299, inafundisha kwamba walio katika hatua ya kufa wapewe uangalifu na matunzo ya kuwasaidia kuishi saa zao za mwisho katika heshima na amani. Heshima hiyo haishuki kutoka mbinguni peke yake. Mtu aliyechoka hadi kuwa mkali hawezi kuitoa. Anahitaji kupumzishwa, na kitabu ni pumziko la bei nafuu.

Tunaeleza sasa habari ya mwamini mmoja wa huku, kwa ruhusa yake na bila kumtaja. Ni mwalimu wa shule ya msingi aliyemuuguza mama yake miezi kadhaa, katika ule wakati wa mwaka ambapo upepo wa Kongwa hauna huruma na vumbi huingia hata ndani ya vyandarua. Alikuwa akisoma kitabu hiki peke yake usiku. Mchana mmoja mama akamwuliza, «Mwanangu, mbona unatabasamu?» Akaona aibu, kisha akaamua kumsomea. Mama alijua Kiswahili, lakini palipokuwa pagumu binti alieleza kwa Kigogo. Alipofika kwenye mitungi ya pombe, mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akasema kwamba wakwe wa Ukerewe ni sawasawa na wakwe wa hapa, isipokuwa hapa wangetaka ng'ombe.

Neno hilo la ng'ombe halikuishia hapo. Siku mbili baadaye mama alianza kumsimulia binti yake jambo ambalo hakuwa amemwambia kwa miaka yote: ugomvi wake na kaka yake, uliotokana na ng'ombe wa mahari yake mwenyewe, na jinsi alivyokataa kwenda hata kwenye msiba wa mtoto wa kaka huyo. «Yule mwanamume wa kitabuni alikwenda kuomba,» alisema, «na wala hakuwa na kosa.» Akataka kaka yake aitwe.

Mjomba alikuja kwa bodaboda kutoka kijiji cha mbali. Tungependa kuwaambia kwamba walikumbatiana wakalia, haikuwa hivyo. Walikaa, wakazungumza habari za mvua iliyokataa na bei ya mahindi Kibaigwa, naye mzee akampa dada yake maji ya kunywa kwa mkono wake. Jioni akaondoka. Asubuhi iliyofuata mama aliomba Padre. Aliungama, akapokea Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa na Komunyo, na wiki chache baadaye Bwana akamwita. Kitabu kilikuwa hakijafika mwisho. Binti anatuambia kwamba alama ya ukurasa ingali pale pale, nasi hatukumwuliza kama atakimaliza.

Hatudai kwamba riwaya ilileta upatanisho ule. Neema ya Mungu ndiyo iliyouleta, na mama yule alikuwa mtu wa sala tangu ujana wake. Lakini tunajua pia kwamba ni vigumu sana kwa mtoto kumwambia mzazi anayekufa, uso kwa uso, «Mama, una jambo na mjomba.» Adabu zetu hazimruhusu. Hadithi ya watu wengine, wa kisiwani huko mbali, ilifungua mlango ambao mtoto hakuwa na haki ya kuubisha. Hii ndiyo njia ileile ya Nathani kwa Daudi, isipokuwa hapa hakuna aliyepanga.

Tuna angalizo moja, nalo tunalisema wazi kwa sababu tunaishi Kongwa na tunajua yanayopita usiku. Katika riwaya hii kuna waganga, matambiko na ramli, na watu wa Kitereza wanaviendea kwa moyo mweupe, kwa kuwa hayo ndiyo waliyokuwa nayo kabla ya Injili kuwafikia. Mwandishi, aliyekuwa Mkatoliki wa daima, alieleza desturi za wazee wake kwa uaminifu bila kuzihubiri wala kuzitukana, alitaka zisisahaulike. Msomaji asichukue ukarimu huo wa mwandishi kuwa ruhusa. Familia yenye mgonjwa asiyepona hujiwa na washauri wengi, na mmoja wao huwa na jina la mtu wa kupiga ramli ili ajulikane aliyemroga baba. Katekisimu, namba 2116 na 2117, inakataza ramli na uchawi wa kila namna. Tumeona nyumba zilizouza mbuzi wa mwisho kumlipa mtu wa namna hiyo, na baada ya mazishi zikabaki na umaskini pamoja na chuki dhidi ya jirani asiye na hatia. Dawa za mitishamba zinazofahamika ni jambo jingine, na daktari aambiwe kama mgonjwa anazitumia.

Wasomaji wengine watauliza kama ni lazima kiwe kitabu hiki, hasa kwa kuwa nakala zake za Kiswahili si rahisi kuzipata. Si lazima. Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1968 baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962, ni kifupi na chepesi zaidi: habari ya mtu aliyeacha kazi ya mshahara mjini akarudi shambani. Wazee waliolima maisha yao yote hukisikiliza kwa furaha, na baadhi yao humkosoa Utubora namna ya kulima. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, na hilo lisimzuie mtu. Alijua msiba kwa karibu, alimzika mkewe Amina angali kijana, akabaki na watoto wa kuwalea, akawatungia mawaidha kwa tenzi. Tungeshauri tu kwamba riwaya zenye ukatili na ukahaba, hata zile zinazosifiwa kwa sanaa yake, zingoje wakati mwingine. Kitanda cha mauti si mahali pa kujaribu kila kitu.

Kuhusu namna ya kusoma: kurasa chache kwa wakati, mgonjwa akiwa macho na maumivu yakiwa yametulizwa, si mara tu baada ya kula. Akisinzia, msomaji aendelee kidogo kwa sauti ileile, kwa maana sauti ya mtoto wake inamfaa hata pale maneno yasipomfikia. Akikataa, aachwe. Wapo wazazi wanaotaka Zaburi tu, na wapo wanaotaka kimya.

Na tunasisitiza kwamba kitabu cha hadithi kisije kikachukua nafasi ya Padre. Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa si sakramenti ya dakika ya mwisho. Inatolewa mara mwamini anapoanza kuwa katika hatari ya kifo kwa ugonjwa au uzee, na inaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Ekaristi inayopokelewa na anayeondoka duniani, Komunyo ya njiani, ndiyo chakula chake cha safari, nayo inahitaji kwamba mgonjwa bado aweze kumeza na kufahamu. Familia zinazongoja mpaka pumzi ianze kukatika hutuita tukiwa mbali, vigangoni, kwenye njia ambazo wakati wa masika hazipitiki, nasi hufika tumechelewa. Namba ile ile ya 2299 inawakabidhi ndugu wajibu huo: kuona kwamba mgonjwa anapokea sakramenti kwa wakati ufaao.

Wapo pia wagonjwa wasio na mtoto wa kuwasomea, kama Kitereza na Anna wasivyokuwa naye. Tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, wanapopanga zamu za kuwapelekea wagonjwa maji na kuni, waulize pia kama mgonjwa angependa kusomewa, na kama ndiyo, wamtafute kijana mmoja anayesoma vizuri kwa sauti ampitie alasiri mbili kwa wiki. Asiye na kitabu aje ofisi ya parokia, atapewa tulichonacho.